Kuchagua Kichwa cha Tripodi cha Gia kwa Picha za Majengo

Kamera ikiinuliwa kidogo tu kutazama juu, kuta huonekana kuegemeana, na mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, ambao fundi aliusimamisha timazi, huonekana kana kwamba unaangukia nyuma. Dawa ni kuisawazisha kamera kwa pimamaji na kuiacha palepale. Kichwa cha gololi hufanya kazi hiyo kwa shida: kikilegezwa, kamera huwa huru kuelekea kila upande, na anayerekebisha mwinamo wa mbele huuharibu wa pembeni. Kichwa cha gia kina vishikio vitatu, kila kimoja kikiendesha mwelekeo mmoja tu, na kamera husalia pale mkono ulipoishia.

Faida yake huonekana zaidi ndani ya nyumba. Chumba chenye dirisha angavu mara nyingi hupigwa picha 3 au 5 za viwango tofauti vya mwanga, kisha huunganishwa kuwa moja. Kamera ikisogea katikati, kazi imeharibika. Kwa harusi au mechi za mpira kifaa hiki ni cha polepole mno, nasi hatuoni sababu ya kukinunua.

Kinachowapotosha wanunuzi wengi ni idadi ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi. Manfrotto 410, chenye uzito wa kilo 1.22, hutajwa kubeba kilo 5. Kile cha XPRO cha gia kina gramu 750 na hutajwa kubeba kilo 4. Kamera ya kawaida na lenzi pana aghalabu hazifiki kilo 2. Idadi hiyo, basi, haimwambii mnunuzi jambo analolihitaji, yaani kama gia zimeshikana barabara.

Hilo hujulikana kwa kujaribu. Mnunuzi aende dukani na kamera yake na lenzi iliyo nzito kuliko zote alizonazo. Aikuze taswira kwenye skrini, kisha azungushe kishikio taratibu, mbele na nyuma. Kishikio kikizunguka sana kabla taswira haijasogea, gia zinacheza. Akiondoa mkono, taswira isiteremke. Baadhi ya vichwa huruhusu gia kuachanishwa ili kamera igeuzwe upesi. Hapo aishike kamera kwa mkono wa pili, kwani huweza kuinama ghafla, na ahakikishe kuwa meno yanarudi kushikana sawasawa. Muuzaji anayekataa jaribio hili aachiwe bidhaa yake. Kwa kifaa kilichokwisha kutumika jaribio hili ni la lazima, kwa kuwa meno yaliyolika hayaonekani kwa nje.

Bamba la kufungia kamera nalo huleta gharama isiyotarajiwa. Manfrotto 410 hutumia bamba la aina yake. Vichwa vingine hupokea mabamba ya mtindo wa Arca-Swiss, yanayotengenezwa na kampuni nyingi. Bei ya bamba la akiba iulizwe kabla ya kulipa, maana likipotea, kichwa hakina kazi.

Miguu ikaguliwe pia: skrubu yake iwe ya kipimo kinachoingia kwenye kichwa, kwa kawaida inchi 3/8, na isitikisike. Miguu dhaifu ikiwa ndiyo iliyopo, tunashauri fedha zianzie huko.

Risiti itaje modeli kamili na, kama muuzaji ameahidi kukibadilisha kifaa chenye kasoro, idadi ya siku alizoahidi.