Tairi la Mbele Kwanza

Bodaboda wa Mazingara, wilayani Handeni, hana njia ya aina moja. Asubuhi anampeleka mama na mwanawe zahanati kwa barabara ya udongo mwekundu. Mchana anashusha mzigo Mkata, kwenye barabara kuu ya Segera–Chalinze, ambako mabasi ya Arusha hayamsubiri mtu. Akipata abiria wa Handeni mjini au Korogwe, anakula lami mpaka mwisho wa safari. Masika yakianza Machi, ule udongo mwekundu unakuwa utelezi, na mabondeni udongo mweusi unang'ang'ania gurudumu hadi linagoma kuzunguka.

Kwa hiyo siku ya kubadilisha matairi swali lake ni lile lile linalowasumbua wasafiri wenye BMW na Honda kubwa wanaoikatiza Afrika kwa pikipiki: nifunge tairi la lami au la vumbi?

Dukani, linalovuta macho ni lile la kashata kubwa. Kwenye tope lina haki ya kusifiwa, kwa sababu meno yake yanachimba na nafasi zilizo katikati yake zinatema udongo kila gurudumu linapozunguka. Likifika kwenye lami mambo yanabadilika. Kinachogusa barabara ni ncha za meno tu. Zinapinda kwenye kona, zinapata joto na kulika upesi, na lami ikiwa na maji breki inachelewa kushika. Tairi la mifereji myembamba ni kinyume chake. Linashika lami vizuri na kudumu, lakini likiingia kwenye tope mifereji inajaa, na tairi jipya linateleza sawasawa na kipara.

Wengi hulijibu swali hili kwa kulitazama tairi la nyuma peke yake. Ndilo linaloisha kwanza, ndilo linalobeba abiria, na ndilo wenzao kijiweni wanaloliona. La mbele huachwa liendelee hadi lipasuke. Wapo hata wanaochukua la nyuma lililochakaa na kulihamishia mbele pale vipimo vinapoingiliana. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Matairi mawili ya pikipiki hayafanyi kazi moja. La nyuma linasukuma na kubeba. Likiteleza, mkia unayumba, na dereva akipunguza mafuta taratibu mara nyingi anaurudisha. La mbele linaongoza, na ukishika breki uzito wa chombo na watu wake unakimbilia huko. Likiteleza, usukani unakutoka mkononi na unajikuta chini kabla hujajua kilichotokea.

Kwa mtu wa Mazingara, basi, si lazima matairi mawili yafanane. Nyuma yafaa tairi la mchanganyiko, lenye kashata za wastani zilizokaribiana katikati, maana hapo ndipo lami inapolila tairi, na zilizoachana pembeni kwa ajili ya tope. Mbele atafute lenye mshiko wa uhakika wa breki kwenye lami iliyolowa, na lenye meno ya pembeni ya kumsaidia kwenye mchanga na makorongo. Anayeshinda mashambani na kuiona lami mara moja kwa wiki anaweza kuongeza ukubwa wa kashata, hasa nyuma.

Akishachagua aina, asome ubavuni. Pikipiki nyingi za biashara hutumia vipimo kama 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwa ringi ya 17 au 18. Baada ya hapo huja namba ya uzito, ambayo wengi huiruka: 41 maana yake kilo 145, 45 ni kilo 165, na 50 ni kilo 190. Sasa tupige hesabu ya mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo. Pikipiki ya kilo 115, dereva wa 70 na abiria wawili wa 65 kila mmoja wanafika kilo 315. Abiria hukaa juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo hata tukilipangia theluthi mbili tu ya uzito huo, limebeba kilo 210. Hata tairi la namba 50 limeshazidiwa, na bado halijakutana na shimo.

Ziko pia tarakimu 4 za umri. Zikisomeka 3524, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi lililoning'inia juani mbele ya duka miaka mingi hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo hata kama halijawahi kugusa barabara. Mshale ulio ubavuni nao uelekee upande gurudumu linakozungukia.

Wenye pikipiki kubwa wana shida nyingine. Tairi la nyuma la BMW R 1250 GS ni 170/60 R17, kipimo ambacho si cha kutegemea kukikuta Korogwe wala Handeni. Ndiyo maana wasafiri wengi wa mbali hupendelea tairi linalodumu, kama Heidenau K60 Scout, kuliko Continental TKC 80 yenye kashata kali inayoisha mapema. Bodaboda mwenye pikipiki ndogo kama Boxer ana nafuu kwamba kipimo chake hakimpi shida kukipata, na nafuu hiyo aitumie kuchagua vizuri badala ya kuchukua la kwanza analoonyeshwa.

Tairi jipya liingie na tyubu mpya, kwa sababu tyubu ya zamani imeshatanuka na ikikunjwa ndani inajikata. Upepo ufuate maelekezo ya kiwanda, kwa kawaida karibu psi 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma kulingana na mzigo. Kupunguza upepo ili kupita mchangani ni sawa, mradi ujazwe tena kabla ya kurudi lami.

Matairi yote mawili yakiwa yamechoka na fedha inatosha moja tu, jipya lifungwe mbele, na mishikaki isimame mpaka fedha ya la nyuma ipatikane. Lile kuukuu la mbele lipelekwe kwa mshona makatambuga.