Kihisi cha Bluetooth Chunguni: Kuunganisha Mmea na Mfumo wa Nyumba

Mmea uliopandwa chunguni hauwezi kujitafutia maji, kwa kuwa mizizi yake imezungukwa na udongo wa lita chache tu, na kosa lolote la mwenyewe, liwe la kusahau kumwagilia au la kumwagilia kupita kiasi, huonekana majanini baada ya siku kadhaa, wakati madhara yamekwisha kutokea mizizini. Kosa la pili ndilo gumu zaidi kutambulika, maana mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo unaolowa mfululizo hufukuza hewa hiyo hadi mizizi ikaoza, ilhali majani hunyauka vilevile kama ya mmea wenye kiu, na mwenye nyumba akiyaona huongeza maji. Hali hiyo ndiyo iliyozaa vihisi vya mimea, yaani vifaa vidogo vinavyochomekwa udongoni ili vipime unyevu na kutuma vipimo hivyo kwa mawimbi ya redio, na vilivyoenea zaidi majumbani ni vile vinavyotumia Bluetooth.

Kinachojulikana kuliko vyote katika kundi hilo ni Flower Care, kilichotengenezwa na kampuni ya HuaHuaCaoCao ya China, ambacho watumiaji wengi hukiita Mi Flora kwa sababu kiliuzwa kwa kushirikiana na Xiaomi. Kina miguu miwili inayoingia udongoni na kichwa kinachobaki juu, kinaendeshwa na betri moja ya duara ya aina ya CR2032, na hupima mambo manne: unyevu wa udongo kwa asilimia, kiasi cha mwanga, joto, na upitishaji wa umeme udongoni, ambao ni dalili ya wingi wa chumvi za mbolea zilizoyeyuka. Betri hiyo, kwa mujibu wa mtengenezaji, hudumu takribani mwaka mzima, na sababu ya kudumu huko imo katika namna kifaa kinavyozungumza, jambo litakaloelezwa hapa chini.

Kipimo cha unyevu kinastahili maelezo ya kutosha, kwa sababu ndicho kinachonunuliwa na ndicho kinachoeleweka vibaya. Vihisi vya bei ya chini kabisa hupitisha umeme kati ya vijiti viwili vya metali na kupima ukinzani, njia ambayo ina kasoro kubwa, kwani umeme huo huozesha metali yenyewe na vijiti huliwa na kutu baada ya muda mfupi. Vihisi vilivyo bora hupima kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, kwa kutumia tofauti ya kimaumbile iliyopo kati ya maji na vitu vingine: hewa ikipewa thamani ya 1 katika kipimo cha uwezo huo, udongo mkavu hupata kati ya 3 na 5, lakini maji hufikia takribani 80, hivyo kiasi kidogo cha maji kikiongezeka udongoni thamani ya mchanganyiko mzima hupanda kwa namna inayopimika vizuri. Hata hivyo, kihisi hakioni maji yenyewe bali huona thamani hiyo ya umeme, kisha huikadiria kuwa asilimia, na ukadiriaji huo hubadilika kulingana na aina ya udongo, wingi wa chumvi, na hata mianya ya hewa iliyobaki kando ya miguu ya kifaa wakati wa kukichomeka. Asilimia 30 katika mfinyanzi haina maana sawa na asilimia 30 katika makumbi ya nazi yaliyosagwa.

Mawasiliano ya Flower Care hutumia Bluetooth ya nishati ndogo, tawi lililoingizwa katika toleo la 4.0 la Bluetooth mwaka 2010 kwa ajili ya vifaa vinavyopaswa kuishi kwa betri ndogo. Katika tawi hili kifaa hakilazimiki kuunganishwa na kingine ili kisikike. Hutoa matangazo mafupi kisha husinzia, kama mpiga mbiu anayepita mtaani bila kusubiri kujua nani amesikia. Matangazo hayo hurushwa katika chaneli tatu kati ya 40 zilizopo kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kila tangazo la mtindo wa kawaida hubeba data isiyozidi baiti 31, nafasi ambayo haitoshi kueleza mengi. Kwa sababu hiyo Flower Care hutangaza kipimo kimoja kwa zamu, mara unyevu, mara joto, mara mwanga, na mfumo unaosikiliza hulazimika kukusanya vipande hivyo hadi picha ikamilike. Matangazo hayo hayajafichwa kwa siri yoyote, kwa hiyo jirani mwenye vifaa vinavyofaa anaweza kujua kwamba mshubiri wa ghorofa ya pili una kiu, habari ambayo pengine haitamletea hasara mtu yeyote.

Mtengenezaji hutoa programu ya simu yenye maelezo ya maelfu ya mimea, nayo hutosha kwa mtu anayependa kusimama karibu na chungu na kutazama takwimu. Udhaifu wake ni kwamba simu husoma pale tu inapokuwa karibu, na programu hudai akaunti ya mtandaoni kwa kazi ambayo kwa asili yake haihitaji kutoka nje ya nyumba. Mfumo wa nyumba hutatua mambo yote mawili. Mfumo wa namna hiyo ni programu inayofanya kazi mfululizo katika kompyuta ndogo iliyomo ndani ya nyumba, ikikusanya taarifa za vihisi, taa, swichi na vali, na kutekeleza amri ambazo mwenye nyumba ameziandika mapema. Unaotumiwa sana kwa kazi hii ni Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo huweza kukaa katika kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi au katika kompyuta kuukuu isiyo na kazi nyingine. Kwa kuwa hesabu zote hufanyika humo humo nyumbani, kukatika kwa intaneti hakusimamishi usomaji wa vihisi, jambo ambalo msomaji anayenunua bando kwa siku atalithamini kuliko yule mwenye nyaya za kasi ukutani. Kukatika kwa umeme ni suala jingine, nalo hudai betri ya akiba kwa kompyuta na kwa ruta.

Hadi miaka michache iliyopita uunganishaji huu ulihitaji ufundi wa kuandika programu, kwani mtumiaji alitakiwa kuweka programu ya pembeni iliyokiamsha kihisi kila baada ya muda, kuunganishwa nacho, kusoma vipimo na kuvipeleka kwenye mfumo, na kila muunganisho ulikula sehemu ya betri. Toleo la Home Assistant la Agosti 2022 lilibadili hali hiyo kwa kuifanya Bluetooth kuwa sehemu ya mfumo wenyewe: kompyuta ikiwa na Bluetooth, mfumo husikiliza matangazo, hukitambua kihisi na kumuuliza mwenye nyumba kama anataka kukiongeza. Vipimo vyote vinne hupatikana kwa kusikiliza tu. Kiwango cha betri hakimo katika matangazo, hivyo mfumo hulazimika kuunganishwa na kihisi mara chache kwa ajili ya takwimu hiyo peke yake.

Kinachowakwamisha wengi ni umbali. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufyonzwa na maji, na mmea, udongo uliolowa na mwili wa binadamu vyote vimejaa maji; kuta za zege zenye nondo huyapunguza zaidi, na katika nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo kuta zake nene zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kihisi kilichoko uani kinaweza kutosikika kabisa chumbani. Kuna kizuizi kingine kinachosahaulika kwa sababu kimo ndani ya kompyuta yenyewe: Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba milango ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayo hayo, hivyo kijiti cha Bluetooth kinachochomekwa moja kwa moja nyuma ya kompyuta huweza kuwa kiziwi, ilhali kijiti hicho hicho kikiunganishwa kwa waya wa kurefusha wa urefu wa mita moja husikia vizuri.

Dawa ya umbali ni kuweka msikilizaji wa kati, yaani kifaa kinachokaa karibu na mimea, kikisikiliza matangazo ya Bluetooth na kuyapeleka kwenye mfumo kupitia Wi-Fi. Kifaa hicho aghalabu ni bodi ndogo ya ESP32 ya kampuni ya Espressif, ambayo bei yake ni ndogo na ambayo huendeshwa na chaja ya kawaida ya simu. Programu yake huandaliwa kwa zana iitwayo ESPHome, ambayo haimdai mtumiaji kuandika programu tangu mwanzo. Mistari michache inayotaja aina ya bodi, jina na nywila ya Wi-Fi, pamoja na agizo la kupitisha matangazo ya Bluetooth, hutosha, na baada ya kuingizwa mara ya kwanza kwa waya wa USB, marekebisho yanayofuata hupitia Wi-Fi. Mnunuzi ajihadhari na majina yanayofanana: ESP32-S2, licha ya jina lake, haina Bluetooth, na ESP8266 iliyotangulia haina pia, wakati ESP32 ya awali, ESP32-C3 na ESP32-S3 zinayo. Katika bodi hizi Wi-Fi na Bluetooth hutumia redio moja kwa zamu, na ndiyo maana bodi iliyounganishwa na ruta kwa waya wa mtandao husikia matangazo mengi zaidi.

Kihisi kisipoonekana licha ya kuwa karibu, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni simu. Kihisi cha aina hii huacha kutangaza kinapokuwa kimeunganishwa na kifaa kingine, kwa hiyo programu ya mtengenezaji iliyoachwa wazi kwenye simu inaweza kukinyamazisha mbele ya mfumo mzima, na kuifunga programu hiyo hutatua tatizo ambalo vinginevyo lingedhaniwa kuwa ni ubovu wa kifaa.

Muunganisho ukishakamilika, kazi iliyobaki ni ya kuzipa namba maana, na hapa ndipo uvivu huharibu manufaa yote. Viwango vilivyopendekezwa katika orodha za mimea ni vya kuanzia tu, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa kwamba asilimia hutegemea udongo. Njia ya kuaminika ni kumwagilia chungu hadi maji yachuruzike chini, kusubiri yaishe kuchuruzika, na kuandika namba inayoonekana kuwa kikomo cha juu. Hatua inayofuata ni kuuacha udongo ukauke hadi mmea uanze kulegea kidogo au kidole kikiingizwa kisikute ubichi, na kuandika namba hiyo kuwa kikomo cha chini. Namba hizo mbili zitafaa kwa chungu hicho peke yake, na kihisi kikihamishwa lazima zitafutwe upya. Upitishaji wa umeme, unaopimwa kwa maikrosimensi kwa sentimita, usomwe udongo ukiwa na unyevu tu, kwa kuwa chumvi isiyoyeyuka haipitishi umeme, na udongo mkavu uliojaa mbolea utaonyesha namba ndogo itakayomdanganya mwenye mmea aongeze mbolea nyingine. Joto nalo hupanda isivyo halisi jua likipiga kichwa cha kifaa.

Amri ya kwanza inayofaa kuandikwa ni ya ujumbe: unyevu ukikaa chini ya kikomo kwa saa moja mfululizo, simu ya mwenye nyumba ipate taarifa, na isipate nyingine hadi unyevu upande juu ya namba iliyo kubwa kidogo kuliko kikomo hicho. Sharti la saa moja huzuia taarifa za uongo zinazotokana na kipimo kimoja kilichoteleza, na pengo kati ya namba mbili huzuia taarifa kurudiwa rudiwa wakati kipimo kinapocheza mpakani.

Kuunganisha pampu au vali ya umeme ni hatua yenye hatari ya namna nyingine, kwa sababu sasa kosa la namba hugeuka kuwa maji sakafuni. Mtoto akikichomoa kihisi chunguni, kipimo hushuka karibu na sifuri, na mfumo usio na tahadhari huamini kwamba mmea unakauka, ukafungua maji, na ukaendelea kuyafungua kwa kuwa namba haipandi. Betri ikiisha, namba ya mwisho inaweza kubaki kwenye kumbukumbu kwa muda kabla mfumo haujatangaza kwamba kihisi hakipatikani. Amri ya kumwagilia iwe na mipaka mitatu isiyotegemea namba ya kihisi peke yake: pampu izime yenyewe baada ya sekunde chache zilizopangwa, kuwe na kiwango cha juu cha maji kwa siku, na pampu isiwashwe kabisa pale kihisi kinapokuwa hakipatikani au kinapoonyesha namba isiyowezekana. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine ipite angalau nusu saa, maana maji huchukua muda kusambaa udongoni hadi yafike kwenye miguu ya kihisi. Mpaka wa kwanza ni bora uwekwe ndani ya bodi inayoendesha pampu, ili hata kompyuta kuu ikigoma katikati ya kazi, maji yafungwe.

Kwa mtu mwenye chungu kimoja dirishani, kidole kinatosha na fedha ya kihisi ibaki mfukoni. Faida huonekana kwa mwenye vyungu vingi, kwa anayesafiri mara kwa mara, na kwa mwenye mboga kwenye paa ambako jua hukausha udongo kwa siku moja. Atakayeamua kuanza na aanze na kihisi kimoja, bodi moja ya ESP32 na ujumbe wa simu peke yake, na pampu aiache dukani hadi atakapokuwa ameviona vipimo vya chungu chake katika kiangazi na katika masika.