Sufuri Mbili Hazikutosha

Serikali ikiamua, noti mpya huingia sokoni kwa siku moja, lakini imani ya watu haiji kwa amri. Mei 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya: shilingi 100 za zamani zikawa 1, kisha asilimia 30 ikakatwa. Aliyepeleka 10,000 alirudi na 70 badala ya 100. Mwenye ng'ombe au nyumba hakupungukiwa. Aliyeumia ni mwenye fedha. Huku West Nile, mpakani kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako wengi walikuwa wametoka tu ukimbizini Zaire (Congo ya sasa) na Sudan, makato hayo yalimkuta mtu akijaribu kuanza maisha upya. Mageuzi yanayomwadhibu aliyeitunza sarafu humfundisha kuikimbia.

Somo hili ni la kale. Mwaka 118 KK China ilianza kutengeneza sarafu ya wuzhu, shaba ya mviringo yenye tundu la mraba, uzito wake umeandikwa juu yake. Kaizari Wang Mang, aliyetwaa kiti mwaka 9 BK, aliipiga marufuku, akaleta aina chungu nzima za pesa ambazo thamani yake iliizidi mno shaba iliyomo. Watu waliendelea kutumia wuzhu kwa siri, licha ya adhabu. Utawala wake ulianguka mwaka 23. Wuzhu ilidumu hadi 621, kwa sababu watu waliujua uzito wake.

Watetezi wa mageuzi ya 1987 husema nchi ilikuwa imetoka vitani, bei zikipaa, na serikali haikuwa na njia nyingine. Hali ilikuwa mbaya kweli. Hata hivyo, mwaka 1988 mfumuko wa bei bado ulizidi asilimia 100. Nafuu ya kudumu ilikuja baada ya 1992, Wizara ya Fedha ilipoanza kutumia kile tu ilichokusanya. Kilichoponya ni kuacha kuchapisha noti za kuziba pengo la bajeti.

Wengine hudai watu wa mpakani hawana uaminifu kwa sarafu yoyote. Soko linawakanusha. Faranga ya Congo na pauni ya Sudan Kusini zilipoporomoka, shilingi ya Uganda ilizidi kupokelewa ng'ambo ya mpaka, hadi soko la Ariwara nchini Congo. Mchuuzi wa Koboko, upande wa Uganda, hushika pesa ambayo kesho itanunua kiasi kilekile cha chumvi. Kwa hiyo atakayebadilisha sarafu tena aanze na bajeti, awape watu wa mbali na benki muda wa kutosha, na asiwakate hata senti.