Wacheza Sinema wa Hollywood na Uraibu Wao Saa za Mapumziko

Mapumziko ya mtu humtambulisha kuliko kazi yake. Kazini mtu hutenda aliyoagizwa. Akishavua sare ndipo hutenda ayapendayo. Kanuni hii inamhusu askari wa kambi ya Gitega na polisi wa mpakani Muyinga, nayo iliwahusu pia watu ambao sura zao zilijulikana dunia nzima, yaani wacheza sinema wa Hollywood wa zama zile za filamu za rangi mbili, nyeusi na nyeupe.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumewaona watu hao wakipigana, wakipenda na wakifa katika pazia la sinema. Ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza: taa zilipozimwa na mavazi ya kuigizia yakarudishwa kabatini, watu hawa walifanya nini? Jibu lake lina mafunzo kwa nyumba zetu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wazee wa pwani waliita uraibu vile viungo vya tambuu, kama popoo, chokaa na tumbaku, ambavyo mtu akishavizoea ni shida kuviacha. Baadaye vitabu vya shule vikalitumia neno hilohilo kwa mchezo au kazi ya mikono ambayo mtu huipenda saa za faragha, kama kukusanya stempu au kulima bustani. Siku hizi madaktari nao hulitumia kwa hali ya mtu aliyetekwa na pombe au dawa za kulevya. Neno ni moja, pande ni mbili. Maisha ya wacheza sinema yatatuonyesha pande zote mbili.

KUNGOJA NI KAZI

Asiyewahi kuona sinema ikipigwa hudhani kuwa mchezaji hushinda akicheza. La hasha. Sehemu kubwa ya siku hupita katika kungoja: taa zipangwe, kamera isogezwe, jua litoke mawinguni. Kila askari aliyepata kukesha lindoni anaijua kazi ya namna hiyo. Saa za kungoja ni nyingi, na saa za tendo ni chache.

Ndiyo maana wengi wao walitafuta jambo la kushika mikononi. Joan Crawford alijulikana kwa kufuma. Mara kwa mara alionekana na sindano zake na uzi wa sufu akingoja zamu yake, hali wenzake wakipiga soga. Humphrey Bogart alipenda sataranji, mchezo ambao, kama bao letu, humtaka mtu afikirie hatua nyingi kabla ya kunyoosha mkono.

Lakini pendo kubwa la Bogart lilikuwa bahari. Mwaka 1945 alinunua mashua ya tanga iliyoitwa Santana, na mwisho wa juma aliuacha mji akaenda kutweka tanga. Miaka michache baadaye alialikwa kucheza kama nahodha wa kimashua kibovu katika filamu ya The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951. Filamu hiyo ilipigwa Kongo na Uganda, na hadithi yake inafanana na vita halisi vilivyopiganwa mwaka 1915 na 1916 katika ziwa letu la Tanganyika, baina ya meli za Wajerumani na mashua za Waingereza na Wabelgiji. Kwa kazi hiyo Bogart alipewa tuzo ya Oscar, ya pekee aliyoipata maishani mwake.

Mwenzake katika filamu hiyo, Katharine Hepburn, alikuwa mwanamke asiyeweza kukaa bure. Alicheza gofu na tenisi, akaogelea, akachora picha za rangi. Filamu hiyo ilipokuwa ikipigwa, maji machafu yalimwangusha kwa ugonjwa wa tumbo, yeye pamoja na wengi wa kundi lao. Mama wa nyumbani anayechemsha maji ya kunywa kila jioni aichukue habari hiyo kuwa ushahidi upande wake. Mwaka 1987 Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo.

Jirani kabisa na kwetu ilipigwa filamu nyingine, King Solomon's Mines, iliyotolewa mwaka 1950. Baadhi ya sehemu zake zilipigwa Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye nchini Rwanda. Wakati huo Rwanda na Burundi zilitawaliwa pamoja na Wabelgiji kwa jina la Ruanda-Urundi, na wachezaji ngoma wa nchi hiyo wakaonekana katika filamu. Mchezaji mkuu, Stewart Granger, baadaye aligeukia ufugaji huko Marekani, akawa na ng'ombe weupe wenye asili ya Ufaransa waitwao Charolais. Hapa Burundi, ambako watu husalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe, hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini tajiri wa sinema alipenda kusimama zizini.

KUTOKA VINDEGE VYA MBAO HADI UJENERALI

James Stewart alizaliwa mwaka 1908 katika jimbo la Pennsylvania. Tangu utotoni alipenda kuunda vindege vya kuchezea, na hata alipofika Hollywood aliendelea na kazi hiyo pamoja na rafiki yake Henry Fonda. Mwaka 1935 alipata leseni ya urubani kwa gharama yake mwenyewe, na mwaka 1938 akapata leseni ya urubani wa biashara. Watu waliuona mchezo wa kijana mwenye fedha.

Mwezi Machi 1941, majuma machache baada ya kupewa tuzo ya Oscar, Stewart aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida asiye na cheo. Hapo mwanzo alikuwa amekataliwa kwa sababu ya wembamba wake. Uraibu ukageuka silaha. Alirusha ndege kubwa za mabomu za aina ya B-24 kutoka Uingereza, akahesabiwa safari 20 za vita, na mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuwa kanali. Mwaka 1959 alipandishwa cheo akawa brigedia jenerali katika jeshi la akiba la anga, akastaafu mwaka 1968.

Ndugu askari, zingatia mpango wa mambo hayo. Jeshi halikumfundisha Stewart kupenda ndege, lilimkuta anazipenda. Elimu aliyoikusanya polepole saa za mapumziko ndiyo iliyomfungulia mlango siku ya haja.

Mapenzi ya viumbe vya porini nayo yaliingia katika nyumba hiyo. Binti yake, Kelly Stewart, alikuwa mtaalamu wa gorila, na katika miaka ya 1970 alifanya uchunguzi wake huko Karisoke, katika milima ya Virunga nchini Rwanda. Mzazi anayempeleka mtoto kutazama ndege wa ziwani au anayemwonyesha namna ya kupanda mche hawezi kujua mbegu hiyo itaota wapi.

MEZA YA HEDY LAMARR

Hedy Lamarr alizaliwa Vienna mwaka 1914, na magazeti yalimsifu kwa uzuri wake tu. Jioni, wenzake walipokwenda kwenye dansi, aghalabu yeye alikaa nyumbani kwenye meza yake ya michoro akibuni vitu. Hakuwa na shahada ya uhandisi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifikiria jambo linalofahamika kwa kila askari wa mawasiliano: adui akijua masafa ya redio unayotumia, anaweza kuyavuruga. Kwa kushirikiana na mtunzi wa muziki aitwaye George Antheil, alibuni mtambo wa kuongoza topido ambao mrushaji na mpokeaji wake wangehamahama masafa kwa pamoja, kwa mpango wanaoujua wao tu. Mpango wao ulitumia masafa 88, hesabu ileile ya vibao vya piano. Tarehe 11 Agosti 1942 serikali ya Marekani iliwapa hati ya kuwatambua kuwa wavumbuzi.

Jeshi la majini halikuutumia mtambo huo wakati wa vita, na wavumbuzi hawakupata utajiri kwao. Hata hivyo, kanuni ya kuhamahama masafa ilikuja kutumika sana katika redio za kijeshi na katika mawasiliano yasiyotumia waya. Mwaka 1997 Lamarr na Antheil walitunukiwa heshima kwa kazi yao, ingawa Antheil alikwisha kufariki mwaka 1959. Lamarr alifariki mwaka 2000. Mabinti wa Muyinga na Gitega wanaopenda kufungua redio iliyoharibika ili waone kilichomo ndani wasizuiwe kwa kuambiwa kuwa hiyo ni kazi ya kaka zao.

PANDE MBILI ZA WILLIAM HOLDEN

Sasa tufike kwa yule ambaye maisha yake yanatufunza kuliko wote. William Holden, aliyezaliwa mwaka 1918, alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Stalag 17 ya mwaka 1953, ambamo alicheza sajini aliyefungwa katika kambi ya mateka wa vita.

Holden alipenda Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 yeye na wenzake wawili walinunua hoteli iliyoitwa Mawingo huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wakaifanya Mount Kenya Safari Club. Katika zama hizo wageni walikuja kuwinda, lakini moyo wa Holden ukageuka kutoka bunduki kwenda ulinzi wa wanyama. Mwaka 1967 yeye na Don Hunt walianzisha shamba la wanyama pori hapo hapo mlimani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji.

Huko walishughulika na bongo wa milimani, mnyama wa jamii ya tandala mwenye rangi ya kahawia nyekundu na mistari myeupe, ambaye leo waliobaki mwituni wanakadiriwa kuwa hawafiki 100. Wengine walipelekwa katika bustani za wanyama za Marekani. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa Marekani walirudishwa kwa ndege hadi Mlima Kenya ili uzao wao urejee msituni, na mwaka 2022 baadhi ya bongo wa hapo walianza kuachiwa katika eneo la msitu lililowekewa ulinzi.

Holden hakuyaona hayo. Upande wa pili wa uraibu ulikuwa umemshika miaka mingi: pombe. Mwezi Novemba 1981, akiwa peke yake nyumbani kwake Santa Monica, aliteleza akiwa amelewa, akagonga kichwa kwenye meza, akavuja damu hadi kufa. Alikuwa na umri wa miaka 63. Siku kadhaa zilipita kabla ya maiti yake kugunduliwa. Mwaka 1982 mwandani wake, mcheza sinema Stefanie Powers, alianzisha mfuko kwa jina la Holden, na hadi baada ya kifo chake watoto wa shule za Kenya wamefundishwa habari za wanyama na misitu katika kituo chenye jina lake.

Bogart naye, mpenda bahari, alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na mnywaji. Alifariki kwa saratani ya umio mwezi Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Tusiseme kwamba uraibu mwema humkinga mtu na ule mbaya. Kwa Holden vyote viwili viliishi katika mwili mmoja. Alikuwa na mali, jina na kazi aliyoipenda, na bado alifia sakafuni peke yake. Aliyetekwa na pombe anahitaji daktari, ndugu na marafiki wa kumshika mkono, mapema, kabla ya mlango kufungwa.

NA SISI JE?

Huenda msomaji akasema: hao walikuwa matajiri, wenye mashua na ndege. Ni kweli. Lakini sindano za kufumia za Crawford na meza ya Lamarr hazikuhitaji utajiri. Tazama yaliyomo mikononi mwetu. Kina mama wa Burundi wanajua kusuka vikapu vyenye vifuniko vya ncha, kazi ambayo wageni huisifu. Mizinga ya nyuki inatundikwa kwenye vilima vyetu tangu enzi za mababu. Bao linahitaji ubao na kete. Wa Gitega wana Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1955, ambamo mtoto anaweza kuonyeshwa vyombo vya babu zake. Wa Muyinga wako jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, yenye nyati, viboko na ndege wa kila namna.

Anayetaka kuanza na azingatie haya:

Kwanza, achague jambo moja linalolingana na mfuko wake. Uraibu unaokula karo ya watoto umekwisha kuvuka upande wa pili.

Pili, aupangie saa maalumu. Saa isiyo na mwenyewe huokotwa na yeyote, na mara nyingi huokotwa na kibuyu cha urwarwa. Kunywa pamoja na majirani katika sherehe ni desturi ya nchi. Lakini pombe ikiwa ndiyo shughuli pekee ya kila jioni, nyumba ina haki ya kuuliza.

Tatu, awashirikishe mke, mume na watoto. Askari huhamishwa kutoka Gitega hadi Muyinga kwa amri ya siku chache, na mtoto huacha shule na marafiki. Jambo ambalo baba au mama hulifanya pamoja naye husafiri nao katika sanduku.

Nne, asingoje kustaafu. Sare hurudishwa ghalani siku moja tu. Aliyekuwa na bustani, mizinga au ufundi wake kabla ya siku hiyo, asubuhi inayofuata ataamka akiwa na mahali pa kwenda.