Ubongo Una Dirisha Moja

Ndani ya uzio wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, swala pala hana budi kula huku akijilinda, maana simba wamo humo humo. Ukimtazama kwa subira utaona anavyofanya. Hushusha kichwa, hung'ata nyasi mara kadhaa, kisha huinua kichwa na kukagua vichaka huku taya zikisaga. Mwaka 1994 watafiti Illius na FitzGibbon walieleza kwamba ulinzi wa namna hii haumpotezei mnyama malisho mengi kama mtu angedhani, kwa sababu kutafuna hakumzuii kutazama. Kinachomzuia ni kung'ata, kwa kuwa hapo kichwa kiko chini. Kwa hiyo hungoja mdomo ujae, ndipo ainuke.

Binadamu naye ni hivyo hivyo, ila yeye hujisifu. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha anayepanga waridi kwa urefu wa bua anaweza kupiga soga na mwenzake, mikono imeshazoea. Lakini mwulize habari za mkutano wa shule akiwa anahesabu mashada, uone kama hesabu haitakwama. Kazi mbili zinazohitaji kufikiriwa hazibebwi pamoja. Kuna hatua ndani ya ubongo, ile ya kuamua jibu gani litolewe, ambayo hupitisha jambo moja tu kwa wakati, mithili ya ofisi yenye dirisha moja na foleni nje. Tunachokiita kufanya mambo mawili kwa pamoja ni kurukaruka baina yake, na kila mruko hulipiwa.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, sijui kazi inayoonyesha malipo hayo waziwazi kuliko ya wakala. Simama kando ya kibanda karibu na stendi ya matatu mjini Nakuru, saa kumi na moja jioni. Mteja anataka kuweka elfu mbili. Binti wa dukani anaanza kubonyeza namba ya simu: sifuri, saba, mbili, mbili...

"Sista, uko na floti ya elfu kumi?" anadakia mtu wa bodaboda, injini ikiunguruma.

"Iko, ngoja kidogo."

Mwingine ananyoosha noti ya mia, anataka kredo ya ishirini. Binti anahesabu chenji ya themanini, anarudisha macho kwenye simu. Alikuwa amefika wapi? Wakala mzoefu hufuta zote akaanza upya. Mgeni wa kazi huendelea pale anapodhani aliachia, na tarakimu mbili zikipishana tu, elfu mbili za mteja huenda zimeingia kwa mtu asiyejulikana.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Jersild, aliupima mruko huo mwaka 1927. Aliwapa watu orodha za namba: waongeze 6 kwa zote, au watoe 3 kwa zote, au wapishanishe, hii ongeza, hii toa. Hesabu hazikuwa ngumu, lakini orodha ya kupishanisha ilichukua muda mrefu zaidi. Huhitaji maabara kuliona hilo. Chukua kalamu na saa. Andika BONDE LA UFA, kisha chini yake namba 1 hadi 10. Halafu rudia, safari hii ukipishanisha: B, 1, O, 2, N, 3. Herufi ni zile kumi, namba ni zile kumi, hakuna kilichoongezeka isipokuwa kuruka. Ukikaribia U, kuna uwezekano mkubwa kalamu itasimama hewani.

Kibandani hasara ni ya shilingi. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ni habari nyingine. Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa umemaliza watu wengi. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyo, wakafa watu 36. Huko kuna mwendo wa kasi, kuna breki, kuna uchovu, na sitaki kuitwika simu dhambi za wote. Lakini matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, kasi iliyoruhusiwa kisheria, hula mita 22 kila sekunde. Kanuni za trafiki za mwaka 2016 zilipanga faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likitembea, na tangu hapo wapo wanaochomeka spika sikioni na kujiona salama.

Salama hawako. Mwaka 2001 Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah waliwapa watu kazi ya kuiga udereva. Waliokuwa wakizungumza kwenye simu walipitwa na ishara za barabarani mara mbili zaidi, na kushika simu mkononi au kutoishika hakukuleta tofauti. Kusikiliza redio hakukuwadhuru. Utafiti mwingine wa 2003 ulionyesha kwamba dereva anayezungumza kwenye simu anaweza kulielekezea macho bango la kando ya barabara, kisha asilikumbuke. Macho yako barabarani, mwenyewe hayupo. Abiria wa kiti cha mbele akiona lori linayumba hunyamaza. Yule aliye kwenye simu kutoka Kitale haoni lori lolote, anaendelea na habari za mahindi.

Kwa nini basi tunang'ang'ania? Sababu moja waliigundua mtafiti Gloria Mark na wenzake mwaka 2008: wafanyakazi waliokatizwa walimaliza kazi upesi zaidi, kwa sababu walijiharakisha. Walilipia kwa msongo na kukereka. Mtu huona kazi imekwisha, akadhani mambo ni sawa.

Kukatizwa hakukwepeki, hasa kwenye kazi ya kuhudumia watu. Jambo la kuchagua ni mahali pa kukatia. Maliza namba ndipo ujibu. Maliza aya ndipo ufungue ujumbe. Na ikibidi uache katikati, andika mstari mmoja: nimefika hapa, nikirudi naanza na hiki. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba kazi iliyoachwa bila kumalizika hubaki ikizunguka kichwani na kuiharibu inayofuata. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb walikuta kwamba mstari kama huo humwezesha mtu kuishughulikia vizuri kazi iliyomkatiza.

Lakini mzigo wote usiwekwe kwa anayekatizwa. Katika hospitali mbili za Sydney, Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 wakitoa dawa, na kila walipokatizwa makosa yaliongezeka kwa takriban asilimia 12. Baadaye, katika jaribio jingine, wauguzi walivishwa fulana za kuomba wasisumbuliwe. Usumbufu ulipungua, ila chini ya nusu yao walitaka mpango uendelee: fulana zilileta joto, na kuzivaa kulikula muda. Bosi wa ofisi ya Nakuru hahitaji kushona fulana. Maswali yake yasiyo ya dharura kwenye kundi la WhatsApp la kazini anaweza kuyakusanya, akayatuma yote pamoja saa saba.