Tamaa Mbele, Mauti Nyuma

Mwaka 1886 Leo Tolstoy, mtungaji mashuhuri wa Urusi, alitoa hadithi fupi ambayo jina lake ni swali: mtu ahitaji ardhi kiasi gani? Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana, habari za hadithi hii, kwa kuwa yaonyesha jinsi tamaa igeuzavyo moyo wa mtu pole pole, bila ya mwenyewe kujua.

Pahom alikuwa mkulima wa hali ya chini. Karibu naye palikuwa na shamba la bibi mmoja, na msimamizi wake, askari wa zamani, aliwatoza wakulima faini kila mara mifugo yao ilipoingia humo. Pahom alizilipa faini hizo kwa uchungu. Siku moja akajisemea kwamba lau angekuwa na ardhi ya kutosha, asingemwogopa hata Shetani. Kumbe Shetani alikuwa nyuma ya jiko akisikiliza, akaazimia kumpa ardhi na kumnasa kwa ardhi hiyo hiyo.

Pahom akauza mtoto wa farasi na nusu ya nyuki wake, akakopa, akanunua sehemu ya shamba la yule bibi. Mifugo ya jirani zake ilipoingia kwake, mwanzoni aliwasamehe. Kisha akawapeleka mahakamani, wakatozwa faini. Machungu aliyoyalalamikia jana, leo akawaonjesha wenzake! Miti yake ilipokatwa, akamshitaki jirani mmoja pasipo ushahidi. Na jirani huyo alipoachiliwa, Pahom akagombana na mahakimu wenyewe. Ardhi iliongezeka, ujirani ukapungua.

Hapa ndipo penye mafunzo. Kutafuta riziki si dhambi, na ardhi ile Pahom aliinunua kwa fedha zake. Ubaya ulikuwa katika kutojua kikomo. Shetani hakumlazimisha, alimfungulia mlango tu, naye akaingia kwa miguu yake.

Akahamia ng'ambo ya mto Volga, akapata ardhi nyingi zaidi, isimtoshe. Mwishowe akafika kwa Wabashkir, watu wa nyikani walio Waislamu, ambao Tolstoy aliwajua kwa kuwa alipata kukaa kwao akinywa maziwa ya farasi kwa ajili ya afya yake. Wakamwambia kuwa kwa rubli 1,000 atapewa ardhi yote atakayoizunguka kwa siku moja, mradi arejee alipoanzia kabla ya jua kutua. La sivyo, fedha zimepotea. Kila bonde zuri likamvuta mbele. Jua lilipoinama alikimbia kwa nguvu zake zote, akafika, akaanguka, akafa. Mtumishi wake akamchimbia kaburi la arshini tatu, yaani kama mita mbili. Ardhi aliyoihitaji ilikuwa hiyo.

Nasi Waislamu twakumbushwa jambo hili katika Sura At-Takathur, inayowaonya wale wanaoshindania wingi wa mali mpaka makaburini.

Basi wazazi wawasimulie watoto hadithi hii, kisha wawaulize: Pahom alipotea lini? Wengi watasema ni kule nyikani, jua likitua. Sisi twaona alikwisha kupotea zamani, siku ile alipomtoza jirani yake faini ya kwanza.