Kuku mgeni na kamba ya mguuni

Wahenga walinena: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii huwahusu watu; lakini huku Kampemba, mojawapo ya komini saba za mji wa Lubumbashi, kila siku yatimia kwa kuku wenyewe. Mama hurudi sokoni na tetea aliyefungwa miguu. Akifika lupangoni huikata kamba, akamwachilia kuku kati ya wenziwe, asiitazame tena ile miguu. Hapo ndipo hasara huanzia.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alifanya vivyo hivyo. Baada ya miezi michache kuku wake watano walikuwa wakichechemea, magamba ya miguu yameinuka, yana ukoko mweupe kama chokaa. Akaniambia, «Mwalimu, kuku wangu wamelogwa. Kesho nawauza wote.» Nami nilijua ya kuwa mayai ya kuku hao ndiyo yaliyomnunulia mwanawe madaftari.

Nikamjibu, «La, mama, huu si uchawi. Ni utitiri wa miguu.» Wadudu hawa ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Huchimba chini ya magamba na kukaa humo, wakihama polepole kutoka kuku mmoja hata mwingine. Lau angaliwauza, angaliupeleka ugonjwa katika lupango za wengine.

Basi, wazazi wapenzi, jifunzeni kuikagua miguu. Ngojeni jioni, kuku wakiisha kutulia. Mshike mmoja kwa upole, umweke kwapani, na mtoto akumulikie taa. Tazama kwanza magamba: ya kuku mzima yamelala sawasawa, ni laini. Kisha pitisha kidole mahali palipokuwa na kamba, maana kamba iliyokazwa hukata ngozi na kuzuia damu. Tazama kati ya vidole, ukaondoe uzi au nywele zilizojizungusha. Mwisho ugeuze wayo. Ukiwa umevimba, una moto, na katikati pana kigaga cheusi, jua kwamba vijidudu vimeingia kwa jeraha. Mara nyingi jeraha hilo hutokana na jiwe, kigae cha chupa, au kuruka kutoka fito iliyo juu mno.

Dawa ya utitiri wa miguu si ghali. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usugue taratibu, wala usibandue gamba lililoshika. Ikauke, kisha ipake vaselini au mafuta ya kula. Rudia kila baada ya siku chache kwa majuma kadhaa, kwa kuku wote, na kusafisha fito za kulalia. Msichovye miguu katika mafuta ya taa: huunguza ngozi. Wayo uliovimba uoshwe kwa maji ya chumvi na kufungwa kitambaa safi. Uvimbe mkubwa ni kazi ya mganga wa mifugo. Nawe unawe mikono, kwa kuwa vijidudu hivyo humdhuru hata mtu. Wakati wa masika, tangu Novemba hata Machi, badilisheni matandiko yaliyolowa.

Lakini si kila kilema chatoka mguuni. Kuku kijana akilala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda ana ugonjwa ulioelezwa mwaka 1907 na József Marek, mganga wa mifugo wa Hungaria. Hauna dawa, kinga yake ni chanjo ya vifaranga wanapoanguliwa. Wengi wakipooza na kupinda shingo, shukuni mdondo, mkamwite mganga upesi.

Mama yule hakuuza kuku hata mmoja. Magamba yalichukua miezi kupona, lakini kuchechemea kulikwisha mapema. Sasa kila kuku mgeni hukaa peke yake mwezi mzima, na mtoto ndiye ashikaye taa ya ukaguzi. Ninyi nanyi, mkiisha kuikata kamba, msiuache mguu kabla ya kuutazama.